TV ya inchi 43 Full HD kwa sebule ya kawaida: inatosha kabisa, 4K ianzie inchi 55

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama sebule yako ni ya futi kumi kwa kumi na mbili kama zilivyo nyumba nyingi za kupanga huku Dar, na unachoangalia sana ni mpira na taarifa ya habari kwenye kisimbuzi, halafu YouTube kidogo kwa bando la simu, chukua inchi 43 ya Full HD na usiongeze hela kwa ajili ya maandishi ya 4K kwenye boksi. Hiyo ndo niliyonayo mimi, iko juu ya kabati la TV hapa Tabata, watoto na mama yao na mimi tunaiangalia kila siku, na nimeridhika nayo kiasi kwamba nimeona niandike sababu vizuri, mana dukani watu wanauziwa namba wasizozihitaji na wengine wanauziwa namba ambazo hata hazimo kwenye kioo chenyewe. Na AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa hapa kwetu, Kenya na Uganda, kwa hiyo najua watu kibao wataingia Kariakoo kutafuta TV.

Jina la kampuni naliacha makusudi. Modeli zinabadilika kila mwaka, ukienda dukani na jina la modeli unaambiwa imeisha, ila vipimo vya kioo havibadiliki, Full HD ya mwaka huu ina vidoti vilevile vya Full HD ya miaka kumi iliyopita.

Sasa namba zenyewe. Picha ya TV inaundwa na vidoti vidogo vinaitwa pikseli. TV iliyoandikwa HD Ready, hizi inchi 32 nyingi za bei rahisi, inakuwa na pikseli 1366 kwa 768, yani milioni moja na kidogo. Full HD ni 1920 kwa 1080, milioni mbili na kidogo. 4K, wengine wanaandika UHD, ni 3840 kwa 2160, kama milioni 8.3, mara nne ya Full HD. Ipo na 8K, 7680 kwa 4320, hiyo iacheni kwanza, hamna chaneli kwenye visimbuzi vyetu inayorusha picha ya hivo.

Mtu akisikia mara nne anajua picha itakuwa nzuri mara nne. Hapana, hapo ndo pa kutulia. Jicho la mtu anayeona vizuri lina kikomo chake, lile wanalopima hospitali kwa chati ya herufi. Vitu viwili vikikaribiana sana mpaka pembe kati yao ikawa chini ya moja ya sitini ya digrii moja, jicho linaviona kama kitu kimoja. Kwa hiyo ukikaa mbali na TV ya kutosha, pikseli za Full HD zinakuwa zimeshaungana machoni, na hapo uweke 4K uweke 8K jicho haliwezi kuzitenganisha tena, umelipia vitu ambavyo vipo ila huvioni.

Nimekaa na kikokotoo nikapiga hesabu ya saizi zote za kawaida, inatoka kanuni rahisi ya kukumbuka. Pima kwa futi kamba umbali kutoka macho yako ukiwa umekaa kwenye kochi mpaka kwenye kioo, kwa sentimita, kisha gawa kwa 4. Jibu ni inchi. TV ndogo kuliko hiyo inchi, Full HD inatosha. TV kubwa kuliko hiyo, hapo ndo 4K inaanza kuonekana. Kwa HD Ready gawa kwa 5.5 badala ya 4, TV ikizidi hapo utaanza kuona vidoti na kingo za herufi zikiwa na ngazi ngazi.

Chukua mfano wa kwangu. Futi kumi ni sentimita 305. Kochi limeegemea ukuta, kichwa cha mtu aliyekaa kinakuwa kama nusu mita kutoka ukutani, upande wa pili kabati la TV nalo linakula sentimita 35 hivi, inabaki kama mita 2 na sentimita 20. Gawa kwa 4 unapata 55. Yani kwa sebule yangu chochote chini ya inchi 55 hakihitaji 4K. Ukigeuza hesabu, kwa inchi 43 mwisho wa kuikaribia Full HD ni 43 mara 4, sentimita 172, mimi niko mbali zaidi ya hapo. Ila ningechukua inchi 43 ya HD Ready mwisho wake ni kama sentimita 236, ningekuwa karibu kuliko hapo na ningeona vidoti kila siku. Na zipo sokoni hizo, inchi 43 kubwa nzuri kwa macho ukiwa mlangoni kwa duka, bei imeshuka kuliko wenzake, boksi limeandikwa tu HD, muulize muuzaji HD ipi mpaka akupe namba mbili za upana na urefu, asikujibu HD ni HD.

Inchi 32 ya HD Ready kwa chumbani ni sawa tu, sina ugomvi nayo, unalala mita mbili kutoka hapo na huoni kasoro ya vidoti. Tatizo lake ni dogo lingine, chaneli ya HD inakuja na mistari 1080 na kioo kina 768, hesabu haigawanyiki vizuri kwa hiyo TV inaminya picha, na ukiangalia ule ubao wa magoli pale juu kona herufi zinakuwa na ukungu kidogo. Full HD inapokea 1080 inaiweka 1080, pikseli kwa pikseli, bila kuminya wala kuvuta.

Hapo nimegusa kitu ambacho watu wengi hawakiulizi kabisa, picha yenyewe inatoka wapi. Chaneli nyingi za kawaida kwenye visimbuzi bado ni SD, picha ya 720 kwa 576, pikseli laki nne na kitu. Ukiweka hiyo kwenye Full HD kila pikseli moja inatandazwa kujaza nafasi ya pikseli tano. Ukiiweka kwenye 4K inajaza nafasi ya pikseli ishirini, ishirini kamili nimepiga hesabu. TV nzuri ya 4K ina chipu ya kutandaza hiyo picha kwa ustadi, TV ya 4K ya bei ya chini inatandaza hovyo, sura za watangazaji zinakuwa laini kama zimepakwa mafuta na nyasi za uwanjani zinageuka zulia la kijani. Nimesimama dukani nikaomba wawashe chaneli ileile kwenye Full HD na kwenye 4K ya bei ya chini zikiwa pamoja, inchi 43 zote mbili, na kwa chaneli za SD ile Full HD ilikuwa na picha safi zaidi. Kwenye chaneli ya HD nilirudi nyuma hatua tatu nikashindwa kusema ipi ni ipi, na mama watoto naye akashindwa, na yeye macho yake ni makali kuliko yangu.

Kwa hiyo ombi la kwanza ukifika dukani, usikubali kuamua kwa ile video ya maonyesho, maua, ndege wa rangi na maji ya bahari. Hiyo imerekodiwa kwa 4K na TV imewekwa rangi za kuwaka kabisa, TV zote zinapendeza hapo. Mwambie muuzaji, kaka naomba unichomekee kisimbuzi, niwekee mpira, alafu nitolee hiyo rangi ya kuwaka weka ya kawaida. Wengi watakubali. Asiyekubali kuna duka la pili yake.

Ombi la pili, rula. Nasema kweli, beba rula ndogo ya shule na simu yenye kamera inayochukua karibu. Kuna duka moja niliingia, kijana ananiambia, "Bosi hii 4K kabisa, soma boksi." Boksi kweli limeandikwa 4K kwa herufi kubwa, ila pembeni kwa herufi ndogo wameandika inasoma video za 4K. Kusoma video ya 4K na kuwa na kioo cha 4K ni vitu viwili tofauti, TV inaweza kupokea faili la 4K ikalishusha mpaka kwenye kioo cha Full HD au hata HD Ready na wewe usijue. Nikaomba aweke picha nyeupe tupu, nikaegesha rula kwenye kioo taratibu bila kukandamiza, nikapiga picha kwa karibu kisha nikaikuza kwenye simu. Unaona vidoti vimejipanga, kila kimoja kina vijistari vitatu, nyekundu, kijani na bluu. Hesabu vidoti ndani ya sentimita moja. Inchi 43 ya 4K inatakiwa itoe kama 40. Full HD inatoa kama 20. HD Ready inatoa 14. Ile ilitoa 20. Kijana mwenyewe alishangaa, sidhani kama alikuwa ananidanganya, naye anasoma boksi kama sisi, ila bei aliyotaja ilikuwa ya 4K.

Na futi kamba ileile uliyopimia sebule itumie kupima kioo kutoka kona hadi kona, bila fremu. Inchi 43 inakaribia sentimita 109, wengine wanakuwa na inchi 42 na nusu ambayo ni 108, hiyo ni kawaida. Ukikuta 101 au 102 hiyo ni inchi 40.

Haya, TV yangu sasa. Uzuri wake ni kwamba mpira wa HD unaonekana vizuri kweli, namba mgongoni mwa mchezaji unaisoma hata kamera ikiwa mbali, mechi ya Simba na Yanga sebule ikijaa watu hata waliokaa kwenye mkeka mbele wanaona sawa na waliokaa kwenye viti. Filamu za kwenye flashi za 1080 zinafunguka bila kukwama. Kwenye bando ndo nimeona faida kubwa kuliko nilivyofikiria, Netflix wenyewe wanasema picha ya 4K inaweza kula mpaka GB 7 kwa saa na HD inakula mpaka GB 3, na wanashauri kasi ya intaneti ya Mbps 15 kwa 4K wakati Full HD inahitaji 5. Mtu wa bando la GB 10 akiangalia 4K haimalizi hata saa moja na nusu, filamu inakatika mwishoni mwishoni. Kwa 1080 anamaliza filamu na inabaki ya kuongelea WhatsApp.

Ubaya. Mchana dirisha likiwa wazi mwanga wa kioo haushindi jua, inabidi pazia. Ukikaa pembeni sana rangi zinapauka, hii inategemea aina ya paneli, yani kioo chenyewe, zipo za VA ambazo weusi wake ni mzito ila pembeni zinafifia, na za IPS ambazo pembeni ziko sawa ila weusi unakuwa wa kijivu ukizima taa, yangu nadhani ni VA kwa jinsi inavyofanya. Menyu ya programu ni nzito, ukifungua YouTube unasubiri. Spika zake ndogo, tulichomeka subufa siku ileile. Na kijana wangu mkubwa akichomeka laptopu akakaa karibu chini ya mita moja na nusu kusoma maandishi anaona ngazi ngazi kwenye herufi, hilo halikwepeki, kwa umbali huo kanuni inasema 4K na kanuni iko sahihi. Kama unanunua TV ili iwe kioo cha kompyuta au unachezea gemu ukiwa umeikaribia, usinifuate mimi, chukua 4K hata ya inchi 43.

Kuna hoja nyingine ya wanaotetea 4K nayo niijibu kwa haki. Wanasema TV za 4K zina HDR, ile ya mwanga mkali na rangi pana, na kampuni kubwa kadhaa wamehamishia paneli zao nzuri kwenye 4K kwa hiyo kwa inchi 43 kwenda juu Full HD inabaki kwa modeli za bei ya chini. Ni kweli. Tena HDR ikiwa ya kweli inaonekana hata ukiwa mbali, tofauti na pikseli. Ila HDR inataka kioo chenye mwanga mwingi, na TV nyingi za 4K za bei ya chini zinapokea tu hiyo taarifa ya HDR bila kuwa na mwanga wa kuionyesha, kwa hiyo unapata neno kwenye boksi. Kama unayo hela ya TV ya 4K yenye mwanga wa kutosha, nunua, ni nzuri. Ninachopinga ni yule mwenye bajeti ya Full HD nzuri kubanwabanwa mpaka anachukua 4K dhaifu.

Shemeji yangu yeye kafanya tofauti na kafanya sawa. Sebule yake ni ndefu kidogo, kavutiwa faiba, watoto wanaishi Netflix na YouTube, kisimbuzi wanawasha kwa mpira tu. Kachukua inchi 65 ya 4K na wanakaa kama mita mbili na nusu, gawa kwa 4 ni 62, TV imezidi hapo, kwa hiyo 4K inafanya kazi yake kwa macho. Ukiangalia filamu za wanyama kwake unaona manyoya moja moja. Angeweka inchi 65 ya Full HD pale angekosea. Cha kuangalia kwa mtu kama yeye ni tundu la HDMI, lile la kuchomekea waya mmoja unaobeba picha na sauti, liwe la 2.0 au zaidi, mana la zamani la 1.4 linaishia picha 30 kwa sekunde kwa 4K na mpira unahitaji 50 au 60, mwendo wa mpira unakuwa wa kukatakata. Kwa Full HD hiyo shida hamna, waya wa kawaida wa HDMI unatosha, usiuziwe waya wa bei mbaya eti una dhahabu.

Sasa ukishafika nayo nyumbani kuna mambo usiyaache. Mitambo ya analojia Dar ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, miaka yote hii kila nyumba ina kisimbuzi, lakini mpaka leo naingia kwa watu nakuta TV ya Full HD imeunganishwa kwa zile waya tatu za njano, nyekundu na nyeupe, fundi wa dishi alizikuta kwenye TV ya chogo akaziacha hivohivo. Waya wa njano haupitishi HD, hata ulipie kifurushi kikubwa vipi. Toa, weka HDMI. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kisimbuzi, sehemu ya picha, chagua 1080 na umbo la 16:9, mana vingi nimekuta vimewekwa chini ya hapo na sura za watu zimevutwa zimekuwa pana. Kisha kwenye TV yenyewe tafuta sehemu ya ukubwa wa picha uchague ile inayoonyesha picha nzima bila kukata kingo, TV nyingi zikitoka kiwandani zinakuza picha kidogo na kukata pembeni, na ikishakuza ule upatanisho wa pikseli kwa pikseli unapotea. Ukibadilisha hapo angalia ule ubao wa magoli, unakaa vizuri palepale.

Kabla ya kutoka dukani weka picha nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, moja baada ya nyingine, ukague kama kuna kidoti kimekufa au mstari, na uulize warranti inasemaje kuhusu kidoti kilichokufa, baadhi ya maduka hawabadilishi mpaka viwe kadhaa. Waandike kwenye risiti. TV guard lazima, umeme wetu ukirudi kwa kishindo unaunguza bodi na warranti nyingi haziangalii hilo.

Tofauti ya bei kati ya hii na ile ya 4K ya inchi 43 ya kampuni ileile nikaigawa. Ikanunua TV guard, ikanunua waya wa HDMI, na iliyobaki nikapandisha kifurushi cha kisimbuzi kwenda chenye chaneli za mpira za HD. Hicho kifurushi ndo kilibadilisha picha kuliko kitu kingine chochote, siku ya kwanza mechi ilipoanza mwanangu mdogo aliniuliza kama tumenunua TV nyingine.